Nisomee Barabara

Ukitaka kumwona mtu akizeeka kabla ya siku zake, mfundishe gari, kisha mkalishe baba yake pembeni. Hamdiya alikuwa na miaka kumi na minane tu mwaka ule wa sabini na tano, lakini kila aliposhuka kwenye pikapu nyeupe ya baba yake, Pijo, pale nyumbani Buguruni, alijiona mama wa makamo mwenye maumivu ya kiuno.

Si kwamba gari lilimshinda. Gari alilielewa mapema, klachi na gia na vikorombwezo vyake vyote. Aliyekuwa mgumu ni Mzee Hilali. Kabla moto haujawashwa, sharti ulizunguke gari lote na kuligusa kila tairi kwa mkono. Vile vibao viwili vyenye herufi L nyekundu, cha mbele na cha nyuma, vipanguswe vumbi mpaka ving'ae. Ndani ya gari hakuna kucheka, hakuna kutafuna, redio ndiyo kabisa usiiguse. Mwendo maili thelathini, na mbele ya shule maili kumi hata kama ni Jumapili na shule ina kufuli. Kila kona ipigiwe honi. Kulipita gari la mbele ni mwiko, hata likiwa mkokoteni wa punda. Na juu ya sheria zote hizo ilikaa sheria mama: baba akisema simama, unasimama, akisema twende, unakwenda.

"Ndani ya gari hakuna mjadala," alikuwa akisema. "Mjadala peleka kwa balozi wa nyumba kumi."

Zote hizo Hamdiya angezimeza kwa maji. Iliyomkaba koo ni moja tu, ile ya kuisoma barabara.

"Nisomee barabara," angesema Mzee Hilali mara tu magurudumu yalipoanza kuzunguka. Na Hamdiya, binti mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, alitakiwa kutaja kwa sauti kila kilichokuwa mbele yake. Baiskeli moja, mkono wa kushoto. Mama na mtoto wanangoja kuvuka. Basi limesimama, linashusha. Shimo, nalikwepa kwa kulia. Mbuzi. Akinyamaza kidogo tu, kidole cha baba kiligonga dashibodi: "Mbona kurasa zimekatika? Soma!"

Mzee alisema ndivyo walivyolelewa madereva wa njia ya kusini. Yeye mwenyewe alianza utingo kwenye lori la Kilwa na Lindi, enzi ambazo ukifika Rufiji unalala siku tatu ukingoja maji yapungue. Utingo alikaa juu ya magunia, akitazama mbali ambako dereva hafiki kuona, na kazi yake ilikuwa kugonga bodi kwa ngumi. Pa moja, simama. Pa-pa, twende. Baadaye akashika usukani mwenyewe miaka ishirini na miwili bila kugonga hata kuku, na Buguruni nzima ililijua hilo. Alipofungua duka, bado watu walimwita Hilali Dereva. Duka lilipofungwa, baada ya lile la ushirika kufunguliwa mtaa wa pili, Pijo ndiyo ikabaki kuilisha nyumba, ikibeba mihogo na mananasi kutoka Kisarawe. Kisha ghafla mwaka huo mzee akatangaza kwamba amechoka usukani, sasa atamfundisha mtoto. Kaka yake Hamdiya alikuwa kaolea Tanga, hana habari na mtu. Mtoto aliyebaki ni huyo huyo.

"Dereva asiyeisoma barabara kwa mdomo," mzee alisema, "anaiota."

Nani angembishia mtu kama huyo? Hamdiya alisoma. Alisoma Mei, akasoma Juni, akasoma mpaka sauti ikamkauka.

Alikuwa na sababu ya kuvumilia. Mwaka huo ulikuwa umetangazwa kuwa mwaka wa wanawake, na shirika moja la umma lililosambaza maziwa mjini lilitaka wasichana wa kuendesha magari yake. Hamdiya alikwenda na cheti chake, akapokewa vizuri, akaambiwa nafasi yake ipo: alete leseni kamili kabla Septemba haijaisha. Mtihani wa udereva ulifanywa kila Alhamisi. Kilichomzuia ni neno moja tu kutoka kinywani mwa baba yake, tayari. Serikali haikulidai neno hilo, lakini nyumba ililidai, na gari lilikuwa la mwenye nyumba.

Julai mzee alisema bado. Agosti akasema bado kidogo. Septemba ilipoingia akauliza, "Una haraka gani? Kwani maziwa yataganda?"

"Mvumilie baba yako," alisema mama yake, Bi Mahfudha, akichambua samaki wa mzee jikoni. "Anakupenda mno."

"Mama, mapenzi ninayo ya kutosha. Mie nataka leseni."

Kilichomtoa Hamdiya kwenye mstari ni siku moja ya Jumatano, njia panda ya Buguruni. Walikuwa wamekwama nyuma ya basi, jua la saa saba, vioo vimeshushwa, na yeye anasoma kama kawaida yake: mkokoteni wa maji kushoto, mama mwenye beseni kulia. Vijana wauza machungwa wakasogea. Wakasikiliza. Kisha mmoja akaanza kuitikia, na wenzake wakampokea: "Mbuzi mkono wa kushotooo!" "Sista, mie je? Mbona hujanisoma?" "Mwacheni, anasoma maulidi ya barabara!" Abiria wa basi wakageuka kutazama, na kati yao alikuwamo Margareta, aliyekaa naye dawati moja miaka minne. Margareta alijiziba mdomo kwa leso, lakini mabega yalikuwa yakicheza.

Na Mzee Hilali? Mzee aligonga dashibodi. "Endelea kusoma. Mbwa akibweka, msafiri hasimami."

Jioni, baada ya chakula, Hamdiya alikwenda kukaa karibu naye barazani. Aliiteremsha sauti. "Baba, Alhamisi ijayo ndiyo ya mwisho mwezi huu. Nikafanye mtihani?"

"Bado," alisema mzee. "Kusoma kwako kuna matundu."

Hamdiya aliondoka bila kuomba ruhusa, akaenda uani, akasugua sufuria ambayo ilishasuguliwa. Matundu! Miezi mitano ya kuita mbuzi kwa sauti mbele za watu, halafu matundu! Akala kiapo pale pale kwenye majivu. Safari ijayo hatafungua mdomo. Kama mzee anataka kuisoma barabara, aisome mwenyewe, macho anayo.

Safari ijayo ilikuwa Jumamosi. Walitoka Kisarawe na magunia kumi na mawili ya mihogo ya kupeleka sokoni Temeke. Ekzosi ilikuwa imetoboka tangu Jumatano, gari linanguruma hata kwenye mteremko. "Nisomee," alisema mzee. Kimya. Kidole kikagonga dashibodi. Kimya. Kikagonga tena, kwa nguvu zaidi.

"Leo umemeza ulimi?"

Hamdiya alitazama mbele, meno yameumana. Alisimama palipostahili kusimama, akapiga honi kila kona, akaenda maili thelathini. Sheria zote alizitimiza isipokuwa hiyo moja. Na ajabu, mzee hakufoka. Alijinyoosha kitini, akashika ukingo wa dirisha, akanyamaza naye. Hamdiya akaona ameshinda.

Karibu na uwanja wa ndege wakakuta lori la saruji limelala ubavu, barabara yote nyeupe, na polisi anarudisha magari. Hilo Hamdiya alilazimika kulisema. "Njia imefungwa."

"Kata kwa nyuma ya Kiwalani," alisema mzee haraka, na sauti yake ilichangamka. "Tutokee Yombo, tuingie Temeke kwa mlango wa uani. Njia ile naijua tangu mikorosho yake ikiwa michanga. Mbele utaukuta mkorosho mkubwa, baada yake kona ya kushoto."

Hapakuwa na mkorosho. Palikuwa na nyumba mpya za udongo, zimebanana, na watoto wanacheza na gurudumu. "Umeshaupita mkorosho?" aliuliza mzee. Hamdiya hakujibu. Alidhani anachokozwa ili afungue mdomo.

Wakapita nyumba za mwisho, njia ikawa ya mchanga na vichaka. Mbele lilitokea tuta la kokoto, na juu yake vyuma viwili vya reli mpya, ile ya kwenda Zambia. Hapakuwa na geti wala kibao wala mlinzi. Hamdiya akapunguza mwendo. Akatazama kulia, kushoto, kulia tena, kama alivyofundishwa, na kulia akaona mabehewa ya kokoto yanakuja kinyumenyume, yanasukumwa, kichwa cha treni kiko huko nyuma kabisa. Mtu mmoja juu ya behewa la kwanza alikuwa akipunga kitambaa chekundu. Akakanyaga breki polepole.

Mzee Hilali aliinua kichwa, akatega sikio. "Lori hilo, nyuma yetu," alisema. "Sikia honi. Usimzibie mwenzio njia, hapa hapana pa kupishania. Twende!"

Hamdiya alibabaika. Kidole kikagonga dashibodi.

"Nimesema twende!"

Na mguu ukatii. Hilo ndilo lililomtia uchungu kila alipolikumbuka baadaye: kichwa chake kilikuwa kimeiona treni, lakini mguu ulikuwa na miezi mitano ya twende unakwenda, nao haukungoja kichwa. Pijo ikapanda tuta. Ikasogea urefu wa mtu mmoja. Kisha Hamdiya akapiga ukelele, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, magunia ya mihogo yakaja kuigonga kebini kwa kishindo, gari likazima. Behewa la kwanza likapita mbele ya boneti, karibu kiasi kwamba angenyoosha fimbo angeligusa. Likapita la pili, na la tatu, na mtu wa kitambaa anatukana kwa lugha ambayo hawakuielewa, na vumbi la kokoto linaingia madirishani.

Mzee Hilali alikuwa amegeukia nyuma. Shingo ameinyoosha kwenye kile kioo kidogo cha nyuma, mkono juu ya nyusi. Mabehewa yanapita mbele yao, chuma kwa chuma, naye anatazama magunia.

"Limetupitia upande gani?" aliuliza.

Hamdiya alimtazama baba yake. Alimtazama kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake mahali ambapo haukuwapo jana.

"Baba."

"Naam."

"Mbele yetu kuna nini?"

"Kuna njia. Kwani wewe huoni?"

"Baba, mbele kuna treni."

Mzee akageuka taratibu. Akanyoosha mkono, akakigusa kioo cha mbele, kikawa kinatetema chini ya vidole vyake. "Treni?" alisema. "Huku hakuna reli. Reli iko kule Buguruni, ya Mjerumani." Sauti ilikuwa imepungua mpaka imekuwa ya mtu mwingine.

Hamdiya alifungua mlango, akashuka, akaketi juu ya kokoto, akalia. Hakulia kwa woga, woga ulikuja baadaye. Alilia kwa hasira, kwa machozi ya moto, akipiga kokoto kwa ngumi. Kila kitu kilikuwa kinajipanga chenyewe kichwani mwake na kila kimoja kilimkera zaidi ya kilichotangulia. Tairi kuguswa kwa mkono. Honi kwenye kila kona. Nisomee barabara!

Mzee alishuka upande wake, akaja huku anaupapasa ubavu wa gari, hatua kwa hatua, mpaka akaifikia boneti. Akasimama hapo.

"Tangu lini?" aliuliza Hamdiya.

"Tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Kwanza ukungu. Sasa naona mwanga, na kivuli kikipita. Daktari alisema mtoto wa jicho, anataka kunikata. Nikaogopa kisu."

"Na ukanikalisha kwenye usukani."

"Nikakukalisha."

"Sheria inasema anayejifunza awe na mwenye leseni pembeni. Amwangalie, Baba! Wewe ndiwe uliyenikaririsha. Miezi mitano yote hii nimezunguka mji huu, shule, soko, watoto wa watu, hakuna aliyekuwa akiniangalia. Nilikuwa peke yangu!"

"Nilikuwa nakusikiliza," alisema mzee. "Nazijua gia zako. Nakujua ukiogopa, unavuta pumzi kwa pua. Hukuwa peke yako."

"Leo je?"

Mabehewa yalikuwa yameshapita, kimebaki kichwa kinahema kwa mbali.

"Leo ulininyima," alisema mzee. "Nilijua umenyamaza makusudi. Nilitaka kukuomba. Nikaona haya, baba mzima, kumwomba mtoto macho. Nikasema njia hii naijua." Akaupapasa uso wake kwa kiganja. "Haya yangu nusura ikuue, Hamdiya."

Hapo Hamdiya alitaka aseme jambo kali, alikuwa nalo tayari ulimini, lile ambalo mzee alipenda kumwambia yeye tangu utoto, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leo aliyesikia la mkuu angevunjika kiunzi kizima. Lakini alikumbuka kiapo chake cha kwenye majivu, akalimeza. Naye mwenyewe alikuwa na fungu lake la kosa.

"Twende basi, polepole," alisema mzee. "Mihogo inanyauka."

"Siendeshi."

"Hamdiya, Temeke si mbali."

"Siendeshi. Nina leseni ya kujifunzia na gari halina wa kuniangalia. Kaa hapa, ulinde mihogo."

Mzee Hilali akafungua mdomo, pengine kwa ajili ya sheria ile ya mjadala, kisha akaufunga. Hamdiya akatembea kwa miguu mpaka Kiwalani, akamtafuta jirani yao Kasiani, Mmakonde wa Newala aliyekuwa dereva wa lori la shirika moja la huko na Jumamosi alitoka kazini saa nane. Alipomkuta, na alipomaliza kumweleza, na walipofika kwenye tuta, mzee alikuwa ameketi juani saa tatu nzima, kanzu imelowa jasho, na bibi mmoja wa Yombo ameshanunua mihogo yake sita akidhani ni genge.

Kasiani alimpungia mzee mkono usoni, mara moja, mbili. Mzee hakupepesa. Kasiani akashusha mkono, akasema tu, "Shikamoo, Mzee Hilali."

"Marahaba, Kasiani. Umekuja kuniendeshea mtoto?"

"Nimekuja kukaa pembeni. Ataendesha mwenyewe."

Nyumbani, Hamdiya hakungoja hata kuvua viatu. Alimkuta mama yake jikoni, sahani ya changu mapajani, anatoa miba mmoja mmoja na kuipanga ukingoni. Akasimama mlangoni akaitazama ile miba. Mara ngapi ameiona na hakuuliza? Mtu mzima mwenye meno yake, anachambuliwa samaki kama mtoto wa kuachishwa ziwa.

"Mama, ulikuwa unajua."

Bi Mahfudha hakuinua uso. "Alinikataza kusema. Nikawa namtolea miba."

"Na mie? Mie ulikuwa unanitolea nini?"

Machozi yakamdondoka mama sahanini. Mficha maradhi kifo humuumbua, Hamdiya aliwaza, lakini kifo hiki kilikuwa nusura kimuumbue asiyehusika.

Zikapita siku nne. Mzee alikaa barazani na tasbihi yake. Hamdiya alipita na ndoo, akasalimia, akaitikiwa, basi. Alitaka amchukie lakini hasira haikukaa mahali pamoja; ilikuwa ikitoka kwa mzee ikienda kwa mama, ikitoka kwa mama ikimrudia mwenyewe. Jumatano jioni alimwendea.

"Kesho nakwenda na Baba Rosalia," alisema. Ndivyo mtaa ulivyomwita Kasiani. "Sikuombi ruhusa, nakuarifu. Lakini nataka nijue. Kwa nini kila nikiuliza ulisema bado? Kusoma kwangu kulikuwa na matundu gani?"

Mzee alizungusha tasbihi mpaka ikafika mwisho wake.

"Hayakuwapo," alisema. "Ukipata leseni, mimi nitakaa wapi?"

Hamdiya alingoja. Hata sasa, hata baada ya hayo yote, alingoja lile neno. Halikuja. Aliingia ndani amekunja uso, akalala hivyo.

Mtihani ulikuwa mfupi. Askari wa trafiki, mtu mnene mwenye penseli sikioni, alimwambia azunguke soko, apande kilima, arudi nyuma kati ya madebe mawili. Hawajafika mbali askari akageuka. "We binti, unaongea na nani?"

Hamdiya alishtuka. Mdomo wake ulikuwa unaenda wenyewe: baiskeli kushoto, mama na mtoto wanangoja kuvuka. "Samahani, afande. Nimezoea."

Askari aligeuka akatazama mbele. "Endelea," alisema. "Miaka tisa nawatahini watu, sijawahi kujua wanatazama nini." Akaitoa penseli sikioni, akaandika.

Leseni aliileta nyumbani mchana. Bi Mahfudha alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Mzee Hilali aliomba ashike. Akalipapasa jalada la kile kitabu, akalinusa, akarudisha. "Mabruki," alisema. Neno tayari hakulisema. Ingefaa nini tena?

Jumamosi ilikuwa safari ya mwisho ya mihogo kabla Hamdiya hajaanza kazi ya maziwa. Alivibandua vile vibao viwili vya L, akavitupa chini ya kiti. Alipoinuka, mzee alikuwa ameshatoka na kanzu safi, anaupapasa ubavu wa Pijo. Hamdiya akamfungulia mlango wa mbele. Mzee akaupita. Akaenda nyuma, akashika bodi, akapanda kwa shida, akaketi juu ya gurudumu la akiba.

"Baba, njoo mbele."

"Mbele anakaa mwenye macho."

"Watu watasema nimemtupa mzee wangu nyuma kama gunia!"

"Mjadala peleka nyumba kumi," alisema mzee kutoka kule nyuma.

Hamdiya akatia moto kwa ghadhabu. Hawajaumaliza mtaa, pa! Ngumi kwenye bodi. Akasimama. Hakuna kitu. Akatoa kichwa dirishani. "Nini?"

"Hukupiga honi kwenye kona."

Pa-pa. Akaondoka. Mbele ya shule, pa! "Maili kumi!" Ilikuwa Jumamosi, shule ina kufuli. Mbele ya msikiti, pa! Amesikia baiskeli. Kufika Kisarawe na kupakia mihogo, Hamdiya alikuwa amesimamishwa mara kumi na tisa, na mara kumi na saba hapakuwa na kitu kabisa. Leseni iko mfukoni, imepigwa mhuri wa serikali, na bado anaendeshwa kwa ngumi! Alijiapiza kwamba kesho atamwambia Kasiani amtafutie mzee daktari wa macho, apelekwe hata kwa kamba.

Wakati wa kurudi akakata kwa nyuma ya Kiwalani. Nyumba za udongo zikapita, mchanga ukaanza. Na kabla hajaugusa breki, pale hasa ambapo tuta linaanza kuonekana, akasikia, pa!

Sijui mzee alihesabu nini, kona au mitikisiko au pumzi zake mwenyewe. Lakini palikuwa ndipo.

Hamdiya akasimama. Reli ilikuwa tupu, inang'aa kulia na kushoto mpaka inapopotelea vichakani. Akangoja zile ngumi mbili. Hazikuja. Akageuka akamtazama kwenye kioo cha nyuma. Mzee alikuwa amekaa wima juu ya magunia, ngumi ameishikilia hewani karibu na bodi, uso ameuelekeza kwake, anangoja.

Ndipo Hamdiya akaelewa kwamba hatagonga mpaka ameambiwa. Akaegemea dirishani.

"Kulia kweupe, Baba," alisoma kwa sauti. "Kushoto kweupe. Kulia tena kweupe. Mbuzi mmoja, amelala, hana habari na sisi."

Ekzosi ilikuwa bado inanguruma.

"Una hakika?" aliuliza mzee.

"Nina hakika."

Pa-pa.

Hamdiya akatia gia, akavuka.